Kufufua Umeme wa Pikipiki ya Zamani: Mwongozo Kamili, Kuanzia Betri Hadi Cheche

Pikipiki ya miaka ya 1950, 1960 au 1970 ikikataa kuwaka, cha kwanza kulaumiwa huwa koili (inayopandisha volti za cheche), cha pili dainamo (inayozalisha umeme), na vyote viwili hununuliwa vipya kabla mita haijatolewa kwenye kisanduku. Kumbe mara nyingi ubovu uko kwingine: kiunganishi kimeoza, erthi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha pikipiki) imefunikwa na rangi, au grisi ya ndani ya swichi imeganda kama nta. Vifaa vya enzi hizo vilitengenezwa ili vifunguliwe, visafishwe na virudishwe kazini. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja: pima kwanza, kisha tengeneza njia ya umeme, na kifaa chenyewe ukifungue mwisho.

Jua una mfumo gani

Kabla ya kugusa waya wowote, pata majibu ya maswali matatu.

La kwanza: ni volti 6 au 12? Pikipiki nyingi za Uingereza zilitumia volti 6 hadi katikati ya miaka ya 1960. Usiamini betri uliyoikuta, maana mwenye pikipiki aliyetangulia huenda alibadilisha mfumo nusu nusu. Soma maandishi kwenye balbu, koili na honi, uone kama vyote vinakubaliana.

La pili: upande gani wa betri umefungwa kwenye fremu? Pikipiki za Japani ni erthi hasi. Za Uingereza zenye vifaa vya Lucas, mtengenezaji wa vifaa vya umeme, nyingi ni erthi chanya hadi ndani ya miaka ya 1970. Ukifunga betri kinyume unaunguza rektifaya (inayogeuza umeme wa AC kuwa DC) kwa sekunde chache. Andika alama kubwa karibu na kikalio cha betri.

La tatu: rangi za nyaya zina maana gani kwa mtengenezaji huyo? Hapa ndipo wengi huungua vidole. Kwenye Honda, kijani ni erthi na nyeusi ni umeme unaotoka kwenye swichi ya funguo. Kwenye Yamaha, nyeusi ndiyo erthi, na kahawia ndiyo inayotoka kwenye funguo. Suzuki wanatumia nyeusi yenye mstari mweupe kwa erthi na rangi ya chungwa kwa funguo. Kawasaki, nyeusi yenye mstari wa njano kwa erthi na kahawia kwa funguo. Lucas wenye erthi chanya hutumia nyekundu kwa erthi, jambo linalomshangaza kila aliyezoea nyekundu kuwa laivu (waya unaoleta umeme). Tafuta mchoro wa nyaya wa modeli na mwaka wako hasa, uuchapishe kwa ukubwa, na kila waya unaoukagua uupige alama.

Vifaa vya kazi

Mita ya kidijitali yenye kipimo cha diodi na, ikiwezekana, cha kapasita. Balbu ya wati 21 iliyounganishwa kwenye nyaya mbili. Pasi ya kulehemu ya wati 40 hadi 60 na lehemu yenye utomvu ndani. Usitumie kabisa lehemu ya asidi ya mafundi bati, kwani inaendelea kuila shaba miezi baada ya kazi. Koleo la kubania ncha za nyaya, lile linalobana hadi mwisho ndipo liachie. Fila geji (vibamba vya kupimia nafasi), msasa laini wa namba 600, kalamu ya nyuzi za kioo ya kusafishia, spiriti safi, mpira unaosinyaa kwa joto, na grisi ya silikoni. Ongeza mifuko ya plastiki angavu. Utaona kazi yake kwenye swichi.

Betri, na kuwasha mara ya kwanza bila kuunguza kitu

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa kadhaa inaonyesha volti 12.6 hadi 12.8, ya volti 6 inaonyesha 6.3 hadi 6.4. Kipimo cha kupumzika pekee hakitoshi. Washa taa kubwa kwa dakika moja ukiwa umeweka mita kwenye vituo vya betri. Ikiwa betri ya volti 12 inaporomoka chini ya 11.5, kila kipimo utakachochukua baadaye kitakudanganya, hivyo tafuta betri nzuri ya kufanyia kazi. Chaji kwa mkondo wa sehemu moja ya kumi ya uwezo wake: betri ya ampea-saa 8 ichajiwe kwa ampea 0.8.

Kama pikipiki haina fyuzi, na nyingi za zamani hazina, weka sasa. Fyuzi inakaa kwenye waya wa laivu, karibu na betri kadiri inavyowezekana. Kwenye erthi chanya, laivu ni upande wa hasi. Ampea 15 zinatosha pikipiki nyingi zisizo na mota ya umeme ya kuwashia injini.

Sasa toa fyuzi na mahali pake unganisha ile balbu ya wati 21 ya volti sawa na betri. Kila kitu kikiwa kimezimwa, balbu isiwake hata kidogo. Ikiwaka kwa nguvu zote, kuna shoti, lakini hakuna kitakachoungua kwa sababu balbu inazuia mkondo. Ikiwaka funguo zikiwa zimezimwa kwenye pikipiki yenye alteneta (jenereta ya umeme wa AC), shuku betri iliyofungwa kinyume au rektifaya iliyokufa. Kuitafuta shoti, chomoa viunganishi kimoja kimoja. Balbu ikizima, umepata tawi lenye ubovu. Baada ya hapo washa funguo na uzungushe injini polepole kwa mkono: kwenye mfumo wa koili na pointi (mguso unaofunga na kukata umeme wa koili), balbu ing'ae kiasi pointi zikifungana na izime zikiachana. Kwa hatua hiyo moja umeshajua kuwa umeme unafika kwenye koili, unapita pointi na kurudi.

Volti zinazopotea njiani

Ukijifunza sehemu hii tu, umemaliza zaidi ya nusu ya kazi.

Kupima waya kwa omu hakutoshi. Kiunganishi kilichooza kinaweza kuwa na ukinzani wa omu 0.1, kiasi ambacho mita ya kawaida haikioni. Lakini mkondo wa ampea 5 ukipita hapo, volti 0.5 zinapotea. Kwenye mfumo wa volti 6 hali ni mbaya zaidi: balbu ya wati 30 inavuta ampea 5 kwa volti 6, wakati kwa volti 12 ingevuta 2.5 tu. Mkondo ni mara mbili, na volti za kupoteza ni nusu. Na mwanga wa balbu ya uzi haupungui sawasawa na volti: ukipoteza asilimia 10 ya volti, unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Sifa mbaya ya taa za volti 6 inatokana na viunganishi zaidi kuliko volti 6 zenyewe.

Pima hivi, taa kubwa ikiwa inawaka:

1. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha moja iguse kituo cha laivu cha betri chenyewe, si kile cha kebo. Ncha nyingine iguse kituo cha laivu nyuma ya balbu. Namba unayoiona ni volti zilizopotea njiani. Kwa volti 12, zaidi ya 0.5 ni tatizo. Kwa volti 6, zaidi ya 0.3.
2. Rudia upande wa erthi: kituo cha erthi cha betri na ganda la balbu. Zaidi ya 0.1 au 0.2, erthi inahitaji kazi.
3. Ukiona upotevu, sogeza ncha ya pili kurudi nyuma hatua kwa hatua: baada ya swichi ya dimu (ya kushusha na kupandisha mwanga), kabla yake, baada ya swichi ya taa, baada ya funguo, baada ya fyuzi. Pale namba inaporuka ghafla ndipo penye ubovu.

Kipimo hiki hakifanyi kazi taa ikiwa imezimwa, kwa sababu bila mkondo hakuna volti inayopotea. Kosa hili huwakuta hata mafundi wazoefu wanapokuwa na haraka.

Erthi ndiyo mshukiwa mkuu. Pikipiki nyingi za zamani zinarudisha umeme wa taa ya mbele kupitia bearingi za usukani, yaani kupitia grisi. Fremu ikipakwa rangi mpya, hasa ya unga iliyookwa, kila bolti ya erthi inakalia juu ya kihami. Usihangaike kukwangua kila mahali. Pitisha waya maalumu wa erthi wa milimita mraba 2 kutoka ndani ya ganda la taa ya mbele hadi kituo kimoja karibu na betri, mwingine kutoka taa ya nyuma, na mwingine mnene kutoka kwenye injini. Kituo hicho kimoja kikwanguliwe hadi chuma king'ae, washa yenye meno ikae chini ya nati, kisha pakaa grisi juu baada ya kukaza.

Nyaya na viunganishi

Kuamua kama nyaya zote zibadilishwe, kunja waya mmoja kuzunguka penseli. Ganda likipasuka, usiweke viraka. Badilisha seti nzima. Likibaki laini, kata sentimita 1 kwenye ncha na uangalie shaba. Ikiwa nyeusi au kijani, endelea kukata hadi ing'ae. Sentimita 5 hadi 8 zikiisha bado ni nyeusi, unyevu umeshasafiri ndani ya ganda na waya huo hauna faida. Lehemu haishiki shaba nyeusi hata ukiipasha vipi.

Unene wa kuchagua: waya wa nyuzi 14 za milimita 0.30, ambao ni milimita mraba 1, unabeba takriban ampea 8 na unafaa taa ndogo, koili na swichi ya breki. Wa nyuzi 28, milimita mraba 2, unabeba ampea 17 hivi. Tumia kwa njia kuu kutoka betri hadi funguo na kwa taa kubwa. Kwenye volti 6 tumia wa nyuzi 28 hata pale mchoro unaporuhusu mwembamba.

Viunganishi vya mviringo vya Uingereza vina kipenyo cha milimita 4.7; vya Japani ni 3.9. Ukichanganya, kimoja kitalegea na kupata joto, na joto litaua springi ya soketi. Soketi za zamani zenyewe hazifai kuokolewa, maana chuma chake kimechoka kubana. Ncha za shaba zilizo kwenye taa na vifaa unaweza kuzisafisha kwa kuzilowesha kwenye siki kwa dakika 15, kuzisugua kwa brashi, kuzisuuza kwa maji yenye soda ya kuokea, kisha maji safi, na kuzikausha kabisa. Hatua ya soda isirukwe. Asidi iliyobaki itarudisha ukijani baada ya wiki chache.

Kulehemu ncha ya mviringo: menya milimita 6 za waya, ingiza hadi nyuzi zitokeze kwenye tundu la mbele, pasha shaba ya ncha na si waya, lisha lehemu kupitia tundu hadi ijae, kisha futa kidoto kilichozidi. Tatizo la lehemu ni kwamba hupanda ndani ya nyuzi na kufanya sehemu fupi ya waya kuwa ngumu, na mtikisiko wa injini hukata waya pale ugumu unapoishia. Kwa hiyo kila kiungo cha lehemu kiwe na mpira unaosinyaa unaopita sentimita 1 zaidi ya mwisho wa lehemu. Kwa sehemu zinazotikisika sana, kama karibu na koili na taa ya nyuma, kubana kwa koleo zuri ni bora kuliko kulehemu. Ukimaliza, vuta kila ncha kwa mkono. Ikichomoka sasa, ingechomoka barabarani.

Kabla ya kufunga tepu, geuza usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho. Waya ukikaza popote, utakatika ndani ya ganda bila kuonekana, na utakuletea ule ubovu wa kuja na kuondoka unaomaliza subira.

Swichi

Swichi ya usukani ya zamani ni shaba, springi mbili na gololi ya chuma iliyo ndogo kuliko punje ya mtama. Ukifungua kwa haraka, gololi inaruka na huioni tena. Piga picha, kisha ingiza swichi na mikono yako ndani ya mfuko wa plastiki angavu na ufungue humo. Kila kitakachoruka kitabaki mfukoni.

Ndani utakuta grisi iliyogeuka kahawia na kuganda. Iondoe kwa spiriti na kijiti cha pamba. Usitumie kisafishio cha breki: hupasua plastiki na kufuta maandishi. Sehemu za mguso zisafishwe kwa kalamu ya nyuzi za kioo au kifutio cha penseli. Msasa mkali huondoa tabaka la fedha lililowekwa juu ya shaba, na mguso ukibaki shaba tupu utapata kutu upya upesi. Kama mguso una shimo la kuungua, ungeuze upande wa pili ukiwezekana. Nyingi za zamani zina sura sawa pande zote.

Kulehemu waya ndani ya swichi kunahitaji pasi yenye moto wa kutosha na mkono mwepesi. Bana kibanio cha chuma kati ya kiungo na plastiki ili kinyonye joto, gusa sekunde 2, ondoka. Pasi baridi inayokaa sekunde 10 ndiyo inayoyeyusha kikalio. Rudisha na grisi ya silikoni kiasi cha kuonekana kama unyevu tu. Swichi iliyotengenezwa vizuri inapoteza chini ya volti 0.1 ikiwa kazini.

Mfumo wa cheche: pointi, kondensa, koili

Anza na pointi. Zifungue, ziangalie kwa lenzi. Uso wa kijivu ulio sawa ni afya. Kilima upande mmoja na shimo upande wa pili ni dalili kwamba kondensa (kapasita ya pointi) ina uwezo usiofaa, na kusawazisha kwa tupa bila kuibadilisha ni kazi bure. Sugua kwa msasa wa 600 uliokunjwa, futa kwa spiriti, mwisho pitisha kipande cha karatasi safi katikati ya pointi zilizofungana hadi kitoke bila weusi. Pointi mpya pia zifutwe: zinauzwa na mafuta ya kuzuia kutu, na mafuta hayo pekee yanaweza kuzuia cheche.

Zungusha injini hadi pointi ziachane kabisa, weka nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40 kwa mifumo mingi ya koili, na 0.30 kwa magneto (kifaa kinachotengeneza cheche kwa sumaku bila betri) nyingi za Lucas. Kaza skrubu kisha pima tena, maana kukaza kunasogeza. Tone moja la grisi kwenye kemu. Ikikauka, kisigino cha pointi kinalika, nafasi inapungua na cheche inachelewa.

Kuweka wakati wa cheche, unganisha balbu ndogo kati ya waya wa pointi na erthi, funguo zikiwa zimewashwa. Balbu itawaka pointi zinapoachana. Zungusha injini kwa mwelekeo wake wa kawaida, na sogeza bamba la pointi hadi balbu iwake alama inapolingana. Usiache funguo zimewashwa muda mrefu pointi zikiwa zimefungana. Koili inapata moto bure. Kwa magneto njia ya balbu haifanyi kazi vizuri: tumia karatasi nyembamba ya sigara katikati ya pointi, uivute kidogo kidogo, na pale inapoachia ndipo zinapofunguka.

Kondensa nzuri ina takriban maikrofaradi 0.18 hadi 0.25. Mita inaweza kukuonyesha namba hiyo ikiwa sahihi na bado kondensa ni mbovu, kwa sababu mita hupima kwa volti chache wakati pointi zikiachana volti hupanda hadi mamia. Dalili za kweli ni cheche kubwa nyeupe kwenye pointi, cheche dhaifu kwenye plagi, na injini kukatakata ikipata joto. Kondensa za zamani zilizohifadhiwa kwenye boksi lake tangu miaka ya 1960 zinavutia macho, lakini karatasi ya ndani imezeeka vilevile. Kapasita ya kisasa ya filamu, maikrofaradi 0.22, volti 400 au 630, inafanya kazi bora. Ifunge mahali pasipo joto la injini, na kiungo chake cha erthi kiwe safi.

Koili: chomoa nyaya zote na pima njia ya kwanza. Koili ya volti 12 kwa kawaida ina omu 3 hadi 4.5, ya volti 6, omu 1.5 hadi 2. Toa kwanza ukinzani wa nyaya za mita yenyewe, unaoupata kwa kugusanisha ncha zake. Njia ya pili, kutoka tundu la waya wa plagi, ni maelfu ya omu, mara nyingi 5,000 hadi 15,000. Kisha ipashe koili kwa mashine ya kukaushia nywele hadi iwe moto wa kushikika kwa shida, na upime tena. Namba zitapanda kidogo. Zikiruka au kupotea, uzi wa ndani umekatika na joto linautenganisha. Koili hiyo haitengenezeki.

Jaribu cheche plagi ikiwa imegusa injini. Usizungushe injini huku waya wa plagi ukining'inia hewani: umeme usiopata njia ya kutokea utajitoboa njia ndani ya koili. Kama umegeuza erthi ya pikipiki, geuza pia nyaya mbili ndogo za koili, ili ncha ya katikati ya plagi ibaki hasi. Kinyume chake injini itawaka, lakini cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka.

Magneto

Unachoweza kufanya nyumbani: safisha pointi, ondoa vishikio vya nyaya za plagi, ingiza kitambaa kilicholoweshwa petroli kupitia tundu hadi kiguse pete ya kupokelea umeme, na zungusha injini polepole hadi kitoke safi. Unga wa kaboni kwenye pete ni njia ya umeme kuvujia. Angalia brashi za kaboni zisikwame, na usisahau brashi ndogo ya erthi iliyo chini ya skrubu kwenye mwili wa magneto. Ikikwama, mkondo unarudi kupitia bearingi.

Kama ni lazima utoe amecha (kiini kinachozunguka chenye koili), ondoa kwanza vishikio vya nyaya, brashi ya erthi na skrubu ya usalama. Ukisahau skrubu hiyo, pete itavunjika ukivuta. Tena, sumaku nyingi hupoteza nguvu amecha ikitoka bila kipande cha chuma cha kuziba nafasi yake.

Magneto inayowasha vizuri ikiwa baridi na kufa baada ya dakika 20 za mwendo ina kondensa iliyochoka au vanishi ya koili iliyolainika. Vyote viko ndani ya amecha. Kusuka upya na kurudisha sumaku ni kazi ya fundi mwenye mashine zake.

Dainamo

Haya ni ya dainamo za Lucas zenye vituo D (umeme unaotoka) na F (koili za uga, zinazounda sumaku). Za Bosch hudhibitiwa upande wa erthi, kwa hiyo usizitumie hatua hizi kama zilivyo.

Chomoa nyaya zote mbili, unganisha D na F pamoja, weka mita ya volti kati yake na mwili wa dainamo. Washa injini na upandishe mwendo taratibu. Volti zinapaswa kupanda haraka bila kuruka; zikifika 10 acha, usiendelee. Zisipoonekana kabisa, angalia brashi. Zikibaki karibu na 0.5 hadi 1, koili za uga zina kasoro. Zikiishia 1.5 hadi 2, amecha ndiyo mbovu.

Mara nyingi ni brashi na komutata (pete ya vipande vya shaba inayoguswa na brashi) tu. Brashi iteleze kwa uhuru na springi iisukume. Komutata isafishwe kwa msasa wa kioo laini, kamwe si wa emeri, maana chembe zake hubaki zimejikita kwenye shaba. Mika iliyo kati ya vipande vya shaba ikwanguliwe hadi iwe chini ya shaba kwa milimita 0.5 hadi 0.8, kipande cha msumeno wa chuma kilichonolewa kwa upana wake kinafaa. Ikibaki juu, brashi zinaruka na kutoa cheche.

Baada ya kuifunga, au ukibadilisha erthi, ipe dainamo mwelekeo wa chanya na hasi: nyaya za D na F zikiwa zimechomolewa, mwili ukiwa na erthi, gusisha waya kutoka kituo cha laivu cha betri kwenye F kwa sekunde 2. Cheche ndogo utakayoona ni ya kawaida.

Regyuleta (kidhibiti cha chaji) ya mitambo yenye sumaku mbili inaweza kusafishwa na kurekebishwa, ila kwa pikipiki ya kutumika, kifaa cha kielektroniki kilichofichwa ndani ya kisanduku kilekile cha zamani kina amani zaidi. Hakikisha umenunua cha erthi yako.

Alteneta na rektifaya

Pima kati ya nyaya za stata (koili za alteneta zisizozunguka): kwa kawaida ni chini ya omu 1 au zaidi kidogo, na kati ya waya wowote na chuma cha stata kusiwe na njia kabisa. Kipimo cha kuaminika zaidi ni cha mzigo: rezista ya omu 1 inayostahimili angalau wati 100, mita kwenye volti za AC. Lucas RM21 itoe volti 9 au zaidi injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000. Pungufu ya hapo, ama stata imeungua ama rota (sehemu inayozunguka) imepoteza sumaku. Nafasi kati ya rota na stata isiwe chini ya milimita 0.2 pande zote.

Rektifaya za zamani za seleniamu zinatambulika kwa mabamba yake ya mraba yaliyopangwa. Huchakaa kwa umri, na zikiungua hutoa moshi wenye sumu na harufu mbaya, hivyo usikae karibu. Weka daraja la diodi za silikoni la ampea 35, volti 400. Vituo viwili vya AC hupokea nyaya za alteneta. Kwenye erthi chanya, kituo cha chanya kinaenda kwenye fremu na cha hasi kwenye betri. Lifunge kwenye bamba la alumini kwa krimu ya kupitisha joto. Tahadhari moja: silikoni inapoteza volti chache kuliko seleniamu, kwa hiyo pikipiki ndogo isiyo na regyuleta inaweza kuanza kuchaji kupita kiasi. Pima, na ikilazimu weka regyuleta iliyounganishwa na rektifaya.

Kwenye Lucas za volti 12, diodi ya Zener ndiyo inayomeza umeme unaozidi. Inahitaji alumini safi isiyo na rangi chini yake. Bolti yake ni shaba laini: nguvu ya Nm 2 inatosha, ukikaza kupita kiasi inakatika.

Kukagua kwa mara ya mwisho

Injini ikiwa na joto, taa zimezimwa, mizunguko 3,000: mfumo wa volti 12 uonyeshe 13.8 hadi 14.8 kwenye betri, wa volti 6 uonyeshe 7.0 hadi 7.4. Washa taa kubwa. Volti zikishuka chini ya zile za betri iliyopumzika, chaji haitoshi mzigo. Balbu za LED hupunguza mzigo huo, lakini nyingi zinachagua chanya na hasi, hivyo kwa erthi chanya tafuta zilizoandikwa hivyo.

Honi ikilia kwa unyonge, pima kwanza volti kwenye vituo vyake ikiwa inalia, ndipo ugeuze skrubu ya marekebisho robo mzunguko kwa wakati.

Endesha kilomita 15 hadi 20, zima injini, na mara moja pitisha vidole kwenye kila kiunganishi, fyuzi na nyuma ya swichi ya funguo. Zener na bamba la rektifaya viache, kazi yake ndiyo kupata moto. Kiunganishi kilicho na joto kuliko jirani zake kifunguliwe siku hiyohiyo.